Zizi la Kutunzia Mbuzi wa Udhhiya: Huduma, Ujira na Amana

Mwezi wa Dhul-Qaada unapoingia, familia nyingi za Mabibo huanza kuhesabu akiba ya udhhiya. Wenye uzoefu hawangoji siku za mwisho, kwani bei katika mnada wa Pugu hupanda kadiri Idi inavyokaribia, na mbuzi wazuri huwahiwa mapema. Tatizo huja baada ya kununua: mnyama atakaa wapi? Wengi wetu tunaishi katika nyumba za kupanga zenye ua mmoja unaotumiwa na familia kadhaa. Mbuzi akifungwa hapo atatafuna nguo zilizoanikwa na kuwakera majirani, na mwenyewe hatalala kwa hofu ya wezi.

Hapo pana nafasi ya kazi ya halali kwa vijana wetu: zizi dogo la kutunza wanyama wa watu kwa ujira. Huko Ulaya, wenye farasi wasio na nafasi nyumbani huwapeleka katika mazizi ya kulipia, na hutofautisha huduma kamili na ile ambayo mwenye mnyama huja kulisha mwenyewe. Utaratibu huo wafaa pia kwa mbuzi.

Asionekane mtu duni kwa kuchunga wanyama wa wengine. Mtume (SAW) aliwachungia watu wa Makka kondoo kwa ujira, kama ilivyothibiti katika Sahihi ya Bukhari. Na katika Suratul-Qasas, aya ya 27, tunasoma mapatano ya Nabii Musa (AS) na mzee wa Madyan: miaka minane ya kazi, na akitimiza kumi, ni hiari yake. Muda ulitajwa, na kilichozidi kikabainishwa tangu mwanzo.

Huduma zitenganishwe

Mwenye zizi aandike huduma zake mojamoja, kila moja na bei yake. Ya kwanza ni huduma kamili: malazi, malisho, maji, usafi na ulinzi. Ya pili ni malazi na ulinzi tu, ambapo familia huleta chakula yenyewe kila siku. Ya tatu ni uwakala wa kununua mnyama mnadani. Hapa wakala aseme wazi ujira wake, na bei aliyonunulia aifikishe kama ilivyo. Kuongeza shilingi kwa siri juu ya bei ya mnada ni khiyana. Ya nne ni kuchinja na kuchuna siku ya Idi.

Kuhusu hii ya nne, ujira ulipwe kwa fedha. Mtume (SAW) alimwamuru Sayyidna Ali (RA) agawe sadaka nyama na ngozi za wanyama wake wa hadyi, na asimpe mchinjaji chochote katika hivyo kuwa ujira wake. Anayetaka kumpa mtunzaji au mchinjaji kipande cha nyama ampe kama zawadi, baada ya kumlipa haki yake kamili.

Bei ipatikane kwa hesabu

Wengi wanaoanza hutaja bei kwa kukisia, kisha wakapata hasara na kupunguza chakula cha wanyama ili kuifidia. Tuchukue mfano wa zizi la mbuzi 20 kwa siku 30. Tuseme mtunzaji analipwa shilingi 240,000, pango la eneo ni 90,000, na maji, taa na usafi ni 60,000. Jumla ni 390,000, na fedha hii hutoka hata mbuzi wakiwa wachache. Chakula na dawa tukadirie shilingi 950 kwa mbuzi mmoja kwa siku.

Zizi likijaa, kila mbuzi atagharimu shilingi 1,600 kwa siku. Wakija 10 tu, gharama hupanda hadi 2,250. Basi anayetoza 1,600 kwa kutumaini zizi litajaa amejenga juu ya mchanga. Akitoza 2,000, atarudisha gharama zake akipata mbuzi 13; wakija 15 atabakiwa na shilingi 82,500, na wakijaa 20 atabakiwa na 240,000. Bei za kwako zitatofautiana na hizi, lakini njia ya kukokotoa ni hiyohiyo.

Chakula ndicho chenye nafasi ya kupunguza gharama kwa haki. Mbuzi wa kilo 30 huhitaji takriban kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, sawa na kilo nne au tano za majani mabichi. Hapa Mabibo tuna soko la ndizi la Mahakama ya Ndizi. Maganda yake, yakiwa safi na hayajaoza, huchanganywa na majani, pumba na chumvi jiwe. Yasiwe chakula pekee.

Mkataba na amana

Usiandike “mpaka Idi.” Kuandama kwa mwezi huweza kuleta tofauti ya siku, na Waislamu wa nchi hii hawaswali Idi siku moja kila mwaka. Andika: siku 30 kwa shilingi 60,000, na kila siku itakayozidi ni shilingi 2,000. Anayechinja katika siku za Tashriki naye atajua deni lake. Aliyechelewa kulipa asitozwe faini juu ya deni, kwani hiyo ni riba. Atalipia siku ambazo mnyama wake ametunzwa.

Swali zito ni hili: mbuzi akifa, nani atabeba hasara? Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafi, mkono wa mtunzaji ni mkono wa amana. Halipi isipokuwa amezembea au amevuka mipaka ya mapatano. Aliyeacha mlango wazi amezembea. Aliyefanya wajibu wake wote, kisha maradhi yakamshinda, hana deni. Kwa hiyo mnyama akaguliwe na pande mbili siku anapopokewa: umri wake (mbuzi awe ametimiza miaka miwili), macho, miguu na afya. Hadithi ya Al-Baraa bin Azib (RA) imetaja aibu zinazobatilisha udhhiya: chongo lililo wazi, ugonjwa ulio wazi, kuchechemea kulikodhihiri, na kukonda kupita kiasi. Mbuzi aliyeingia mzima akatoka akichechemea kwa kufungwa vibaya ameiharibia familia ibada yake, si mali tu. Mkataba utaje pia idhini ya kumchinja mnyama anayekaribia kufa, na simu ya kupigiwa mwenyewe.

Wageni kutoka mnadani watengwe kwa siku kadhaa, kwani sotoka ya mbuzi na homa ya mapafu huambukiza upesi. Afisa mifugo wa kata ashirikishwe, sheria ndogo za Manispaa ya Ubungo ziulizwe kabla ya kujenga, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 izingatiwe.

Mtunzaji akumbuke kwamba mbuzi hana ulimi wa kushitaki njaa yake kwa mwenyewe, ila Mola wake anaiona. Wallahu aalam.