Salama Peke Yake Haimtoshi Mzazi

Wahenga walinena: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini ni nani amwulizaye mzazi jinsi alivyotendewa katika saa za uchungu huo? Aghalabu sisi hutaka habari mbili tu: mtoto ni wa kike au wa kiume, na mama ni mzima. Vigelegele vikapigwa, mambo yakaisha.

Hapa kwetu pwani, zamani mwenye uchungu hakuachwa peke yake. Alikuwako mkunga, alikuwako mamake au somo yake wa kumshika mgongo na kumliwaza; kisha akakandwa kwa maji moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Stara yake ilihifadhiwa. Hata hivyo tusijidanganye: damu ilipomwagika kwa wingi, maneno matamu ya mkunga hayakuweza kuizuia. Hospitali ina dawa, ina damu ya kuongeza, ina upasuaji. Ndiyo sababu wazazi wameifuata. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto 61 katika kila 100 walizaliwa katika vituo vya afya; ule wa 2022 ukaonyesha 88.

Basi mwili umepata mlinzi, je, heshima? Mwaka 2013 mama mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya umma huko Bungoma, akatukanwa na kupigwa kofi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kuwa haki zake zilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo: mzazi asemeshwe kwa heshima, aelezwe anayofanyiwa, na awe na mwenzi amtakaye kando yake. Kumbe somo wetu wa kale ameitwa tena!

Ukimwuliza mzazi, "Umeridhika?" atakujibu, "Alhamdulillahi." Hiyo ni shukrani ya uhai, si ushahidi wa huduma. Mwulize hivi: ulisitiriwa? Uliitwa kwa jina lako? Ulielezwa kabla ya kuguswa? Hapo ndipo utakapousikia ukweli.

Wauguzi nao tusiwatwike lawama zote. Muuguzi mmoja mwenye wazazi wengi usiku kucha huchoka, na ulimi uliochoka huwa mkali. Waongezwe, waama. Lakini kuvuta pazia na kusema "pole, mama" hakungoji bajeti.