Mtoto Anapouliza Maana ya Pasaka

Leo ni Jumapili ya tano ya Kwaresima, na zimesalia siku kumi na nne tu kufikia Pasaka. Ninyi mnaokaa Mchafukoge mmekwisha kuziona dalili zake. Ukivuka Mnazi Mmoja kuelekea Kariakoo, Mtaa wa Kongo haupitiki: akina mama wanawapimia watoto magauni, akina baba wanauliza bei ya viatu. Sina ugomvi na nguo mpya. Ninalo jambo jingine.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kula chakula cha mchana siku ya Pasaka katika nyumba moja ya ghorofa hapo Mchafukoge. Pilau ilikuwa tayari, na watoto walikuwa wamependeza. Mdogo wao, mwenye umri wa miaka sita hivi, akauliza: "Baba, Pasaka maana yake nini?" Baba yake ni mtu mwema, mwenye duka, ambaye siku nyingi hufika nyumbani watoto wamekwisha kulala. Alicheka, akasema, "Muulize Padre." Nami Padre, niliyekuwa nimechoka kwa Misa za asubuhi, nikamjibu kwa sentensi moja kwamba ndiyo siku aliyofufuka Bwana, nikaendelea kula. Jibu lilikuwa la kweli, ila mtoto alibaki akinitazama. Na kupitia mlango wa jikoni nilimwona binti anayewasaidia kazi akila peke yake, sahani ikiwa magotini. Nalo hilo nililiona, nikanyamaza.

Fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya 12. Usiku ule wa kutoka Misri, kabla hata ya safari kuanza, Mungu tayari anawafikiria watoto ambao hawajazaliwa. Anasema kwamba siku moja watauliza maana ya ibada hiyo, na wazazi wawe na la kuwajibu. Hakuagiza wapelekwe kwa kuhani. Ndivyo Bwana wetu mwenyewe alivyolelewa: Mtakatifu Luka anatuambia kuwa Yosefu na Maria walikuwa wakienda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka, na alipofikisha umri wa miaka kumi na miwili walimkuta Hekaluni, akisikiliza na kuuliza maswali.

Majirani zetu wanatufundisha katika jambo hili. Mtoto wa Kiislamu wa nyumba ya pili, ukimwuliza juu ya Idi ya kuchinja, atakusimulia habari za Nabii Ibrahimu. Mtoto wa Kihindu atakueleza kwa nini taa zinawashwa wakati wa Diwali. Wa kwetu atakuonyesha viatu.

Mtaniambia, "Padre, hatuna vitabu." Biblia mnayo. Na vifaa vingine vimo jikoni mwenu. Mama anayepika chapati anajua kwamba haitiwi hamira, bali andazi hutiwa na kusubiriwa liumuke. Basi Waisraeli waliondoka kwa haraka, unga wao haukupata nafasi ya kuumuka. Ndiyo sababu ya mikate isiyotiwa chachu, na ndiyo sababu hostia tunayoipokea katika Kanisa letu la Roma haina chachu. Mboga chungu walizokula pamoja na mwanakondoo zilikuwa ukumbusho wa uchungu wa utumwa. Nunueni fungu la mchunga sokoni. Mtoto akiuonja na kukunja uso, mweleze habari za Farao, hatazisahau.

Tena pandeni naye juu ya paa usiku wa Alhamisi Kuu, baada ya Misa. Pasaka ya kale iliadhimishwa mwezi ukiwa mpevu, na Kanisa linahesabu Pasaka yake kwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Kwa hiyo mwezi utakaouona umejaa au unakaribia kujaa, au umeanza tu kupungua, kama ule ulioangaza juu ya bustani ya Getsemani. (Masika ikiwa imeanza, huenda mawingu yakauficha. Hapo itabidi mtoto aamini bila kuona.)

Zipo na sikukuu nyingine. Pentekoste, kabla ya kuwa siku ya Roho Mtakatifu, ilikuwa sikukuu ya mavuno ya ngano. Sikukuu ya Vibanda, ambayo Bwana aliihudhuria kama tusomavyo katika Yohane sura ya 7, iliwataka watu kukaa siku saba katika vibanda vya matawi, ili vizazi vyao vijue kwamba wazee wao walikaa hivyo jangwani. Mtoto wa Kariakoo haelezwi kibanda ni kitu gani. Huenda mzazi wake alikuwa nacho, na mwaka 2021, wamachinga walipoondolewa kando ya barabara, alikiona kikibomolewa. Mtoto huyo anaweza kutufafanulia Maandiko kuliko mimi.

Lakini niwape tahadhari moja. Msiigize ibada ya Wayahudi. Utaratibu wa mlo wao wa Pasaka kama ulivyo leo ulipata sura yake baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70. Ni sala ya watu walio hai, nasi tunapaswa kuiheshimu, kama tamko Nostra Aetate la mwaka 1965 linavyotufundisha kuwaheshimu wenyewe. Pasaka yetu ni Kristu, na tunaiadhimisha katika Ekaristi. Chapati na mchunga ni somo la nyumbani, basi.

Nirudi kwenye ile meza. Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, inataja watakaofurahi pamoja nawe katika sikukuu za Bwana: mwanao na binti yako, mtumishi wako wa kiume na wa kike, mgeni, yatima na mjane. Mtumishi wa kike ametajwa waziwazi. Taifa lililotoka utumwani lingeshibaje sebuleni huku mtumishi yuko jikoni?

Mwaka uliofuata nilimweleza yule baba kosa langu na lake. Hakufurahi, ila alinialika tena. Safari hiyo binti aliketi nasi mezani, ingawa kwa haya, ukingoni mwa kiti. Mtoto alipouliza tena, baba alianza vizuri, akakwama katika Bahari ya Shamu. Binti akaendelea kwa sauti ndogo, kama alivyofundishwa na katekista wa kijijini kwao Mahenge, mpaka Miriamu aliposhika tari. Mtoto akamtaka aanze tena tangu mwanzo.

Tumsifu Yesu Kristu.