Tuzibe mianya inayovujisha siku zetu

 

Ndugu Waislamu, Maore, wilayani Same, ipo kwenye tambarare chini ya Milima ya Upare, ambako riziki ya kaya nyingi hutegemea maji yanayoshuka kutoka mlimani. Jirani yake ni Ndungu, yenye skimu ya umwagiliaji wa mpunga iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980. Huko milimani, Wapare wa kale walichimba mifereji na kujenga ndiva, yaani mabwawa madogo yanayokusanya maji usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu.

Tunaitaja ndiva kwa kuwa ina mazingatio. Si lazima ukingo upasuke ndipo maji yapotee. Hupungua njiani, yakinywewa na udongo wa mfereji na kupenya katika vijitundu ambavyo hakuna aliyejali kuviziba. Mwenye shamba la mwisho huambulia tope. Ndivyo zilivyo siku zetu. Ni wachache wanaoamka wakikusudia kuipoteza siku nzima, lakini wengi huipoteza robo saa kwa robo saa.

Katika Suratul Asr, Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati, kisha akabainisha kuwa mwanadamu yumo hasarani, ila walioamini, wakatenda mema, wakausiana haki na subira. Naye Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, ametufahamisha kuwa watu wengi hupunjika katika neema mbili: afya na faragha. Basi na tuitazame baadhi ya mianya hiyo.

Kwanza, kukesha pasipo haja. Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Leo mazungumzo hayo yamehamia kwenye simu, nayo simu imeingia hadi kitandani. Anayelala saa saba usiku huiwahi Alfajiri kwa taabu, na akishaswali hurudi kulala mpaka jua lipande, ilhali Mtume (S.A.W.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi yake. Kwa mkulima wa mpunga hasara hiyo haifichiki. Ndege hushuka shambani mapema asubuhi, nao hawamngoji mwenye kuamia amalize usingizi. Zamu ya maji nayo ikipita, imekwenda kwa jirani. Hapa tusichanganye mambo: usingizi mfupi wa mchana, qailula, si uvivu, bali ni msaada kwa anayeamka mapema.

Pili, miadi isiyo na saa. Tumezoea kuambiana, “Tuonane baada ya Adhuhuri.” Baina ya Adhuhuri na Alasiri kuna takriban saa tatu, na kila mmoja huchagua dakika yake. Watu 20 wakimsubiri mwenzao mmoja kwa nusu saa, zimepotea saa 10 za kazi, na aliyezipoteza huingia akitoa salamu kana kwamba hajachukua kitu cha mtu. Lililo zito zaidi ni kuligeuza neno “Inshaallah” kuwa njia ya heshima ya kusema “siji”. Neno hilo tumefundishwa tulitamke tukiwa tumeazimia kutenda, huku tukikiri kuwa uwezo ni wa Allah.

Tatu, kuahirisha. Wahenga walisema ajizi ni nyumba ya njaa. Miche ya mpunga ikiachwa kitaluni kupita umri wake, hata ikipandikizwa huchipua machipukizi machache. Mkulima huyo hakukosa mbegu wala maji, bali alisema “kesho” mara nyingi mno.

Nne, kukatizwa kila mara. Kazi ya saa moja huchukua saa tatu iwapo kila mlio wa simu huitikiwa na kila apitaye barazani huitwa aketi. Baraza ina kheri zake, na kuwatembelea jamaa ni ibada. Lakini tujifunze kwa Imamu Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 597 Hijria (1201). Alipozidiwa na wageni wa soga hakuwafukuza. Aliziweka kazi zisizohitaji fikra, kama kukata karatasi na kuchonga kalamu, azifanye wakati wakizungumza.

Huenda msomaji akauliza, nusu saa kwa siku ina uzito gani? Kwa mwaka ni zaidi ya saa 182, sawa na karibu siku 23 za kazi za saa nane kila moja. Na mara nyingi deni hilo halilipwi na aliyelikopa. Baba akichelewa barazani, mama ndiye anayebeba ndoo ya pili, na mtoto ndiye anayekosa wa kumsikiliza akisoma. Tena mtoto hujifunza kwa kuona. Hakuna nasaha itakayomfundisha kuthamini wakati katika nyumba ambayo ahadi haina saa.

Tusijitwishe kuyabadili yote kwa usiku mmoja. Kila nyumba ichague mwanya mmoja na kuuziba. Simu ilale nje ya chumba. Kazi nzito iwekwe baada ya Alfajiri. Miadi itajwe kwa saa, na atakayechelewa awaombe radhi wenziwe. Mwenyezi Mungu ametupa Swala tano, nazo ni vituo vitano vya kujiuliza: tangu ile iliyopita, nimetenda nini?

Tunamuomba Allah atubarikie katika nyakati zetu na atujaalie tuwe miongoni mwa wasiopunjika. Amin.