Usiifiche ngozi yako, wala usiusahau moyo wako



Siku ya gulio, jua likiwa kali, huenda umewahi kumwona mtu mzima aliyevaa shati la mikono mirefu, amefunga vifungo mpaka shingoni. Si kwa ajili ya baridi ya mlimani. Anaficha mabaka yaliyo viwikoni. Anaogopa watu wasije wakasema ana ukoma, au amerogwa, au ataambukiza wenzake kwenye kata ya mbege.

Mabaka hayo huenda ni ugonjwa uitwao soriasisi. Ugonjwa huu hauambukizi. Hauambukizi kwa kushikana mikono, kwa kula pamoja wala kwa kulala kitanda kimoja.

Soriasisi ni nini?

Katika ngozi yenye afya, chembe mpya huchukua karibu mwezi mmoja kutoka chini hadi juu. Kwa mwenye soriasisi, kinga ya mwili imekosea njia na kazi hiyo hufanyika kwa siku chache tu. Chembe hurundikana na kuwa magamba meupe. Kwenye ngozi nyeusi mabaka huweza kuonekana ya kijivu au ya zambarau. Hupenda kutokea viwikoni, magotini, kiunoni na kichwani.

Jua na vitamini D

Ngozi yetu ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, ambayo huimarisha mifupa na kusaidia kinga ya mwili. Chakula hutupa kidogo tu: samaki wenye mafuta, maini na kiini cha yai. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima damu ya Wamasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania, watu wanaoshinda juani. Kiwango chao kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile ambacho wataalamu wengi huona kinatosha kwa mifupa.

Basi fikiria mtu anayejifungia ndani kwa aibu, au anayeshinda kwenye kivuli cha migomba ya kihamba akiwa amejifunika mwili mzima. Jua halimfikii. Wagonjwa wengi wa soriasisi wamekutwa na upungufu wa vitamini D.

Je, vidonge vya vitamini D vitamponya? Mwaka 1985 madaktari wa Japani walieleza habari za mgonjwa aliyepewa dawa ya jamii ya vitamini D kwa ajili ya mifupa dhaifu. Soriasisi yake nayo ikapoa. Kutokana na kazi hiyo, leo kuna dawa za kupaka za jamii hiyo, kama kalsipotrioli, nazo husaidia sana. Lakini vidonge ni jambo jingine. Huko Norwe, wagonjwa waliokuwa na upungufu walipewa vidonge wakati wa majira ya baridi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kwamba ngozi zao hazikupona kuliko za wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Tena, kumeza vidonge kupita kiasi huharibu figo.

Hatari iliyojificha

Soriasisi si ya ngozi peke yake. Uvimbe uleule huweza kushambulia viungo, hata mtu akashindwa kushika jembe. Wagonjwa hupata zaidi kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Aibu nayo huleta huzuni na upweke. Ndiyo sababu mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kuuhesabu kuwa ugonjwa mzito wa kudumu.

Ufanye nini?

1. Nenda ukapimwe. Mabaka mengine ni fangasi, pumu ya ngozi au ukoma, na kila moja lina dawa yake. Ugonjwa ukianza ghafla na kwa ukali, pima pia virusi vya UKIMWI, maana huweza kuuchochea.

2. Ota jua kwa kiasi. Jua la saa kumi na mbili asubuhi bado ni dhaifu. La saa tatu au saa nne linafaa zaidi. Usikae mpaka ngozi iungue. Mwenye ualbino asifuate shauri hili kamwe. Yeye ajikinge na jua.

3. Paka mafuta ngozi isikauke, na usibandue magamba.

4. Punguza pombe, mbege ikiwemo, na uache sigara. Vyote huchochea ugonjwa.

5. Kila uendapo zahanati, omba upimwe uzito, shinikizo la damu na sukari. Viungo vikiuma au kukakamaa asubuhi, sema.

6. Usinunue dukani vidonge vikali vya kuzima uvimbe bila daktari. Ukiviacha ghafla, ugonjwa huweza kurudi kwa nguvu zaidi.

Sisi wa Kilimanjaro hatuko mbali na msaada. Katika eneo la hospitali ya KCMC mjini Moshi kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanza mwaka 1992, ambako matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika huja kujifunza. Anzia zahanati ya kijiji chako, nao watakuandikia barua ya rufaa.

Soriasisi haina dawa ya kuifuta kabisa, lakini hutulizwa, na mtu akaishi miaka mingi akilima na kulea. Ukimaliza kusoma makala hii, msomee na jirani. Huenda yeye ndiye yule wa shati la mikono mirefu.