Seng'enge, Sheria na Bastola: Mafunzo Yaliyomo katika Sinema za Wachunga Ng'ombe

Watu wengi waendao kutazama sinema za magharibi ya Marekani hufuata mlio wa bastola na mbio za farasi. Vijana hurudi nyumbani wakiigiza jinsi fulani alivyochomoa silaha, nao wazee hutikisa vichwa wakisema hakuna faida ndani yake. Lakini zimo picha, nazo si chache, ambazo mtu akizitazama kwa makini ataona kuwa habari yake hasa ni ardhi na sheria, na jinsi watu wa desturi moja wanavyoondoshwa na watu wa desturi nyingine. Mkulima na karani wote wawili wana la kujifunza humo.

HISTORIA YENYEWE

Mwaka 1862 Serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kumpa mtu eka 160 za ardhi ya serikali, mradi akae pale miaka 5, ajenge nyumba na kulima. Mwaka 1869 reli ya kutoka mashariki na ile ya kutoka magharibi zilikutana huko Utah. Mwaka 1874 Joseph Glidden alipewa hati ya kulinda ubunifu wake wa seng'enge. Hati ya shamba, gari la moshi na seng'enge viliigeuza nchi ile pengine kuliko bunduki zote. Zamani ng'ombe walichungwa popote palipo na majani na maji; sasa mwenye shamba aliweka ua, na kijito kilichokuwa cha wote kikawa ndani ya ua wa mtu mmoja. Huko Wyoming ugomvi ulizidi hata mwaka 1892 matajiri wa ng'ombe wakakodi watu wa bunduki kutoka Texas waende kuwaua watu waliowashtaki kuwa wezi wa mifugo, na ikabidi askari wa serikali kuu waingie kati.

PANDE MBILI ZA SHAURI

Picha iitwayo Shane, iliyotengenezwa na George Stevens na kuonyeshwa mwaka 1953, imejengwa juu ya ugomvi wa namna hiyo. Joe Starrett ni mkulima mwenye mke, mtoto mmoja wa kiume na shamba dogo. Ryker ni tajiri wa ng'ombe atakaye bonde zima. Uzuri wa picha hii ni kwamba Ryker naye amepewa nafasi ya kusema lake: yeye alifika nchi ikiwa pori, akapigana na kujeruhiwa, na sasa wageni wanamzibia maji ya ng'ombe wake. Starrett anamjibu kuwa kabla yake walikuwako wengine, na kwamba kutangulia hakumpi mtu haki ya kuwanyima watu wote haki zao. Shane, mgeni mwenye ujuzi wa bastola, anawashinda maadui wa wakulima; lakini akiisha kushinda hakai. Anapanda farasi na kwenda zake, kwa kuwa bonde alilolisafisha halina tena mahali pa mtu wa kazi yake.

KALAMU NA BUNDUKI

Iliyo nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni The Man Who Shot Liberty Valance, ya mwaka 1962. Aliyeitengeneza ni John Ford, yule yule aliyekuja Kenya kupiga picha ya Mogambo, iliyotoka mwaka 1953. Ransom Stoddard, mwanasheria kijana, anafika mji wa Shinbone akiwa amepigwa mijeledi na jambazi Liberty Valance, na vitabu vyake vya sheria vimeraruliwa. Mji ule unaendeshwa kwa neno moja tu: mwenye nguvu mpishe. Stoddard anaosha vyombo katika hoteli ya chakula, na anafundisha kusoma katika ofisi ya gazeti. Wanafunzi wake ni watoto na watu wazima pamoja, akiwamo Pompey, mtu mweusi, na Hallie, msichana wa hotelini asiyejua herufi. Kisha mji unakutana kuchagua wajumbe wawili, na Valance, mtumishi wa matajiri wa ng'ombe, anashindwa kwa kura.

Sisi wenye kazi ya kalamu twapenda kuishia hapo. Lakini Ford haishii hapo. Valance anamwita Stoddard wapigane usiku, Valance anakufa, na mwanasheria anapata sifa iliyomfikisha kuwa gavana, seneta na balozi. Kumbe aliyempiga Valance ni Tom Doniphon, mchunga ng'ombe, kwa bunduki kutoka gizani. Doniphon anapoteza vyote: Hallie aliyemtaka anaolewa na Stoddard, na nyumba aliyokuwa akimjengea anaitia moto mwenyewe. Shukrani ya punda ni mateke. Miaka mingi baadaye Stoddard na Hallie wanarudi kwa gari la moshi kumzika, na wanamkuta katika jeneza la maskini, hata viatu amevuliwa. Stoddard anaeleza kweli yote kwa mwandishi wa gazeti, naye anakataa kuipiga chapa.

Basi hapa pana swali lisilo jepesi. Sheria ni njema, na shule ni njema. Je, waliofaidika nazo wana deni gani kwa mtu aliyewafungulia mlango kisha akabaki nje?

WASIOONEKANA

Wako pia walioachwa nje tangu mwanzo. Zile eka 160 zilikatwa katika nchi waliyokuwa wakikaa Wahindi Wekundu, na kwa miaka mingi sinema ziliwaonyesha kama maadui tu. Ford mwenyewe, aliyefanya hivyo mara nyingi, mwaka 1964 alitoa Cheyenne Autumn, habari ya Wacheyenne waliotoroka mwaka 1878 kurudi kwao kaskazini. Mwaka 1960 alikuwa ametoa Sergeant Rutledge, habari ya askari mweusi aliyeshtakiwa kwa uongo. Mchezaji wake ni Woody Strode, ndiye Pompey wa Shinbone.

Msomaji, utakapotazama tena picha ya namna hii, acha kidogo kuhesabu risasi. Angalia maji ni ya nani na hati i mkononi mwa nani. Kisha uangalie ni nani hakuitwa barazani.