MACHO YA MFANYAKAZI MZEE: TUSISEME "NI UZEE TU"



Mfanyakazi aliyepita miaka 50 akianza kukosea kazi aliyoizoea, maneno huwa yale yale. Nyapara husema amekuwa mvivu. Wenzake husema ni uzee tu. Mwenyewe hunyamaza kwa kuogopa kuachishwa kazi. Kunyamaza huko kunaweza kumpotezea macho ambayo yangeokolewa.

Kuona vibaya uzeeni si ugonjwa mmoja. Yako mambo manne ya kawaida. La kwanza ni kushindwa kuona vitu vya karibu, ambako huanza kwenye umri wa miaka 40 hivi na dawa yake ni miwani. La pili ni mtoto wa jicho, yaani ukungu ndani ya lenzi, nao huondolewa kwa upasuaji. La tatu ni presha ya macho, ambayo hula uoni wa pembeni kimya kimya. Kilichopotea hakirudi, lakini matibabu huzuia hasara zaidi. La nne, ambalo wengi wetu hatujalisikia, ni kuchakaa kwa makyula.

Makyula ni nini?

Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, uitwao retina. Katikati yake pana doa dogo, ndilo makyula. Kwa doa hilo tunasoma, tunatia uzi kwenye sindano, tunaangalia mizani na kumtambua mtu kwa uso. Likichakaa, mgonjwa huona pembeni, lakini katikati pana ukungu au giza. Anaweza kutembea njiani bila kujikwaa, lakini akashindwa kusoma hati yake ya mshahara. Ndiyo maana watu humdhania kuwa anajisingizia. Hajisingizii.

Ugonjwa huu una aina mbili. Aina kavu ndiyo ya wengi, nayo huenda polepole kwa miaka. Aina ya majimaji hupata wachache, lakini ni kali: mishipa mibovu ya damu huota chini ya retina na kuvuja, na uoni unaweza kuharibika katika wiki chache. Hii ina matibabu ya sindano ndani ya jicho, yanayorudiwa mara kwa mara. Dawa mojawapo, bevacizumab, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2013. Sindano husaidia zaidi mgonjwa akiwahi.

Umri na urithi hatuwezi kuvibadili. Sigara tunaweza kuiacha, nayo huongeza sana hatari ya ugonjwa huu.

Jipime mwenyewe

Chukua ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba, utie nukta katikati. Vaa miwani yako ya kusomea kama unayo. Shika ukurasa mbali na uso kiasi cha sentimita 30, ziba jicho moja, kisha tazama nukta bila kuhamisha jicho. Fanya hivyo kwa jicho la pili. Ni lazima iwe moja moja, kwa sababu jicho zima huficha ubovu wa mwenzake. Mistari ikionekana imepinda, au miraba ikikosekana, nenda hospitali yenye daktari wa macho upesi, kama vile Mulago mjini Kampala au Ruharo huko Mbarara. Hata ukiona sawa, usiache kupimwa, kwa kuwa karatasi hii haionyeshi presha ya macho.

Tunachodai

Waajiri husema kupima macho ni gharama. Tuwakumbushe habari za Assam, India. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2018, wachuma chai 751 wenye miaka 40 na zaidi, wasioona vizuri karibu, waligawanywa makundi mawili. Kundi lililopewa miwani lilizidi lile jingine kwa uchumaji kwa karibu 22 kwa mia. Miwani haiponyi makyula, lakini kipimo ndicho kinachotenganisha anayehitaji miwani, anayehitaji upasuaji na anayehitaji sindano.

Kwa hiyo kila tawi lidai mambo matatu katika mkataba wake: wafanyakazi wote waliofikia miaka 40 wapimwe macho kwa gharama ya mwajiri, siku ya kwenda kliniki isikatwe mshahara, na asiyeona vizuri aondolewe kwenye mashine za hatari na kupewa kazi anayoiweza, asifukuzwe. Pendekezo Na. 162 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1980, linataka kazi irekebishwe imfae mfanyakazi mwenye umri mkubwa.

Mwenzetu akianza kukosea mizani, tusimcheke wala tusimfichie. Tumpeleke akapimwe, na mwakilishi wa chama asimame naye mbele ya mwajiri.