Presha yako na safari ya baiskeli hadi Kalenga

Mwambie mkulima wa Ruaha Mbuyuni apande baiskeli kwa ajili ya afya, atakucheka. Kwake baiskeli ni ya kubebea vitunguu na madumu ya maji, na akipata fedha kidogo anaiacha na kununua pikipiki. Hapo ndipo kitambi huanza na presha kupanda kimyakimya, maana ugonjwa huu mara nyingi hauonyeshi dalili.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Wengi ninaowashauri huanza kwa bidii, wiki ya tatu wameshaacha. Siwalaumu. Kuuzunguka uwanja wa mpira bila kwenda popote kunachosha. Afadhali mtu awe na mahali anapotaka kufika, na Iringa mahali hapo papo.

Chukua Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa. Kutoka Iringa mjini ni takriban kilomita 15, yaani saa moja hivi kwa mwendo wa kawaida. Ukienda na kurudi, dakika zako za wiki zinakaribia kutimia. Makumbusho ya pale yanahifadhi fuvu la Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Kurudishwa kwake kulitajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, lakini lilifika nyumbani kutoka Ujerumani mwaka 1954. Jirani unapita Mto Ruaha Mdogo, ambao maji yake huingia Ruaha Mkuu na kuteremka hadi Mbuyuni. Wako watu wamemwagilia vitunguu kwa maji hayo maisha yao yote, na Kalenga hawajawahi kufika.

Ila mlima Kitonga usiupande kwa baiskeli. Kona ni kali na malori ni mengi. Panda basi pamoja na baiskeli yako, uanzie Iringa mjini. Isimila, penye zana za mawe za kale, iko kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya, hivyo asiyezoea magari makubwa aanze na Kalenga.

Kabla ya safari, fanya mazoezi bondeni kwa wiki kadhaa, asubuhi kabla ya saa mbili, kwani joto la Mbuyuni halina huruma. Kunywa maji bila kungoja kiu. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, umechelewa. Pima presha. Ikifika 180 kwa 110, safari isubiri, muone daktari kwanza. Anayetumia insulini abebe kitu cha sukari mfukoni. Maumivu ya kifua yakianza, shuka na utafute msaada.

Ukikuta sherehe ya jadi njiani, simama uone ngoma, hata ucheze, nayo ni mazoezi. Utakaribishwa ulanzi. Ule mtogwa mtamu unadanganya, na mkangafu hauhitaji maelezo. Ukishakunywa, baiskeli isukume kwa mkono au ulale kwa wenyeji.

Magoti yakiuma, usikimbilie dawa, tazama kiti. Pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unapaswa kukaribia kunyooka. Baiskeli nyingi ninazoziona zina viti vilivyoshushwa mno, na fundi anakipandisha kwa dakika tano.